Je, Kimya cha Wengi Ni Ridhaa?



Majuma matatu yaliyopita alitujia barazani jirani yetu mmoja, mama mtu mzima auzaye mahamri na mbaazi asubuhi, akiwa na simu yake mkononi. Alitaka tumsaidie kupiga hesabu. Kila siku, kabla jua halijapanda, shilingi 10 zilikuwa zikitoweka katika salio lake kulipia ujumbe wa habari za mpira, huduma ambayo hakuiomba wala hana haja nayo. Binti yake alipopekua alikuta makato hayo yamekwenda siku 143. Jumla yake ni shilingi 1,430. Walipowapigia simu wahusika waliambiwa kwamba mtu yeyote asiyeitaka huduma hiyo ana ruhusa ya kujitoa kwa kubonyeza namba kadhaa. Wakabonyeza, makato yakakoma, na zile zilizokwisha kwenda zikawa zimekwenda.

"Sasa wanangu," akatuuliza, "nishtaki?" Kisha akacheka mwenyewe kabla hatujamjibu.

Alikuwa na haki ya kucheka. Nchini mwetu ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016 kwa ajili ya watu kama yeye, nayo haimlazimishi mtu kuwa na wakili. Lakini nauli, ada, na asubuhi tatu nne za kuliacha karai lake bila moto zingemla zaidi ya hizo 1,430. Mtu mwenye akili timamu hadai fedha hizo, na aliyemkata alijua tangu mwanzo kwamba hazitadaiwa. Tuseme waliokatwa vivyo hivyo ni watu laki tano. Hapo pana shilingi milioni 715, na bado hakuna hata mmoja miongoni mwao mwenye sababu ya kupanda matatu kwenda mahakamani.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukisoma na kuuliza, na tumeona kwamba kicheko cha jirani yetu kimo ndani ya mjadala mkubwa ambao nchi nyingi nje ya Marekani zimekuwa nao kwa zaidi ya miaka arobaini. Mjadala wenyewe ni huu: je, mtu mmoja aweza kusimama mahakamani kudai kwa niaba ya maelfu ambao hawakumtuma, na ambao pengine hawajui kwamba kesi ipo?

Kuna njia mbili za kuendesha kesi ya pamoja. Katika njia ya kwanza, ambayo tutaiita ya kujiunga, wewe humo ndani ya kesi mpaka uandike jina lako. Katika ya pili, ya kujitoa, umo ndani maadamu umefikwa na dhara lile lile, mpaka useme mwenyewe kwamba humo. Tofauti yaonekana kama ya makaratasi tu. Kwa hakika ni swali la kimya: asiyesema neno ahesabiwe upande gani?

Na hapa ndipo tulipoona ajabu katika mambo ya jirani yetu. Alipokuwa akikatwa, kimya chake kilihesabiwa kuwa ridhaa. Ilimpasa yeye aseme "sitaki" ndipo aachwe. Sasa anataka kurudishiwa, na kimya cha wenzake laki tano chahesabiwa kuwa si kitu. Yawapasa wao waseme "nataka", mmoja mmoja, kwa saini.

Wamarekani ndio waliogeuza mlango huu. Mwaka 1966 walirekebisha kanuni ya 23 ya kanuni zao za madai katika mahakama za shirikisho. Tangu hapo, katika kesi za fidia, kila aliyeguswa anahesabiwa kuwa mdai mpaka ajitoe, na hukumu humfunga, iwe ya kushinda au ya kushindwa. Hawakuuacha mlango huo wazi kwa kila apitaye. Lazima jaji kwanza aridhike kwamba watu ni wengi, kwamba swali lao ni moja, na kwamba anayewasimamia anafaa kuwasimamia. Tena lazima waliomo wapewe taarifa.

Sharti hilo la taarifa si jambo jepesi. Mwaka huo huo wa 1966 bwana mmoja aitwaye Morton Eisen aliwashtaki madalali wa soko la hisa la New York kwa kuwatoza ada za kupita kiasi watu walionunua hisa chache chache. Alichokuwa akidai yeye mwenyewe kilikuwa dola 70. Watu wa kundi lake walikadiriwa kuwa milioni 6, na kati yao milioni mbili na robo majina na anwani zao ziliweza kupatikana. Mwaka 1974 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema kwamba kila mmoja kati ya hao wanaojulikana lazima apelekewe taarifa yake, na kwamba gharama ni ya mdai. Gharama hiyo ilikuwa dola 225,000. Mtu wa kudai dola 70 hatoi dola 225,000 kununua stempu, na kesi ikafia hapo.

Tumesimulia habari ya bwana huyu kwa sababu wako wanaodhani kwamba Marekani kila mnyonge hushinda. Mwaka 2011 mahakama hiyo hiyo iliamua kesi ya wanandoa waliotozwa kodi ya dola 30 na senti 22 kwa simu waliyoambiwa ni ya bure. Kampuni ilikuwa imeandika katika mkataba kwamba mwenye lalamiko atakwenda kwa msuluhishi peke yake, wala hataruhusiwa kujiunga na wenziwe. Mahakama ikasema mkataba ushikwe. Nchi zetu zinaposhindana kuhusu kuuiga mfumo wa Marekani, Wamarekani wenyewe wako mbioni kuufungia mlango kwa maandishi madogo ya chini ya ukurasa.

Hata hivyo njia ya kujitoa ilisafiri. Jimbo la Quebec nchini Canada liliweka sheria yake mwaka 1978, na Ontario ikafuata miaka ya 1990. Australia iliipitisha katika mahakama yake ya shirikisho mwaka 1992, Ureno mwaka 1995, Israel mwaka 2006. Uholanzi imeiruhusu kwa kesi za fidia tangu Januari 2020, ila kwa kawaida mtu akaaye nje ya nchi hiyo ni lazima ajiandikishe. Ulaya kwa jumla ilisita sana. Mwaka 2013 Kamisheni ya Ulaya ilipendekeza njia ya kujiunga. Sheria ya mwaka 2020 kuhusu kesi za walaji ikaiachia kila nchi ichague.

Wanaosita wana hoja, na si hoja za mabepari peke yao. Wajerumani, kwa mfano, hushikilia kwamba haki ya mtu ni mali yake, na haki ya kusikilizwa haiwezi kutumiwa na mwingine bila ya yeye kujua. Ukishindwa katika kesi ambayo hukuifungua, umepoteza dai lako ukiwa umelala. Hoja hiyo si ngeni kwetu. Wanafikihi wana kanuni mashuhuri kwamba asiyesema hapachikwi neno, nao wakaiwekea mlango: pale ilipompasa mtu kusema, kimya chake huhesabika. Ndiyo maana kimya cha mwali aulizwapo kuhusu posa huchukuliwa kuwa ridhaa, ilhali kimya cha mtu aonaye mali yake ikiuzwa na mwingine hakiwi idhini. Na yule auzaye mali ya mwenziwe bila kutumwa, Mahanafi huona mauzo yake yamesimama yakingoja mwenyewe aridhie, na sisi tulio katika madhehebu ya Shafii kauli yenye nguvu ni kwamba hayasihi kabisa. Kwa hivyo msomaji wetu aliyekulia chuoni akisikia habari ya kesi ya kujitoa, moyo wake wa kwanza utashtuka, na una haki ya kushtuka.

Lakini tazameni yaliyotokea Uingereza pale walipoanza na njia ya kujiunga peke yake. Mwaka 2003 mamlaka ya biashara ya huko ilibaini kwamba wauzaji wa nguo za michezo walikula njama ya kupanga bei ya fulana za timu ya taifa na za Manchester United katika miaka ya 2000 na 2001. Faini zikatozwa. Mwaka 2007 chama cha walaji kikafungua kesi ili wanunuzi nao warudishiwe chao. Walioandika majina walikuwa watu 130 hivi, katika nchi ambayo fulana hizo zilikuwa zimejaa katika kila uwanja wa shule. Kesi ikaishia kwa mapatano: waliojiunga walipata pauni 20 kila mmoja, na wengine walioweza kuonyesha fulana au risiti wakapewa pauni 10. Baada ya hapo chama hicho kilisema njia hiyo haifai kwa madai madogo, na hakikuitumia tena.

Watu 130! Hapo dhara lilikwisha kuthibitishwa, magazeti yalikwisha kuandika, na wadai wanajua kusoma, wana posta na simu. Ikiwa Mwingereza hakujaza fomu kwa pauni 20, tutarajie nini kwa mama wa mahamri?

Bunge la Uingereza likaona, na tangu Oktoba 2015 likaruhusu njia ya kujitoa, lakini katika mashauri ya ushindani wa kibiashara tu, na mbele ya baraza maalumu la rufaa za ushindani. Kesi iliyotikisa zaidi ni ya Walter Merricks dhidi ya Mastercard, iliyofunguliwa mwaka 2016. Alidai kwamba ada ambazo kampuni hiyo iliwatoza wenye maduka kati ya 1992 na 2008 zilipandisha bei za vitu kwa kila mtu, hata aliyenunua kwa fedha taslimu. Kundi lake lilikuwa la watu wapatao milioni 46, na dai lilikuwa pauni bilioni 14. Baraza lilikataa, Mahakama ya Rufaa ikaruhusu, na Desemba 2020 Mahakama ya Juu ikaithibitisha ruhusa hiyo.

Wengi walishangilia. Kisha yakaja mapatano: kutoka bilioni 14 hadi pauni milioni 200, ambayo baraza liliyaidhinisha mwaka 2025. Ukizigawa sawasawa kwa watu milioni 44 waliobaki katika kundi, hupati hata pauni 5 kwa kichwa, na hapo hujaondoa gharama. Mfadhili aliyetoa fedha za kuendesha kesi, kwa matumaini ya kuvuna, alipinga mapatano hayo hadharani kwa kuwa aliona ni madogo mno. Basi msimamizi asiyetumwa yuko upande mmoja, mfadhili asiyetumwa yuko upande wa pili, wanagombania mali ya watu milioni 44 ambao wengi wao wamo kazini kwao na hawana habari.

Kesi nyingine, ya nauli za reli za London, ilikuwa mbaya zaidi kwa jicho letu. Abiria waliokuwa na tiketi za siku nyingi walidai kwamba waliuzwa tena sehemu ya safari ambayo walikwisha kuilipia. Kampuni moja ikakubali kulipa hadi pauni milioni 25. Ilipofika siku ya kuchukua, waliojitokeza walichukua chini ya asilimia 1 ya fedha hizo, na mawakili wakachukua mara nyingi zaidi ya hapo. Na kesi ya kwanza ya namna hii kuendeshwa hadi hukumu, ya bei za simu za mezani, ilishindwa mwishoni mwa 2024. Haishangazi kwamba mwaka 2025 serikali ya Uingereza ilianza kukusanya maoni kama mfumo huu uendelee jinsi ulivyo.

Marekani nako ugonjwa huu waujua tangu zamani. Palikuwa na mapatano ambayo mteja alipewa kuponi ya kununua tena kwa yule yule aliyemdhulumu, na wakili akapewa hundi. Mwaka 2005 bunge lao likatunga sheria iliyoyabana mapatano ya aina hiyo.

Kwa hivyo tuko wapi? Kuna kitu ambacho sisi twaona kimesahauliwa na pande zote mbili. Njia ya kujiunga husifiwa kwamba humheshimu mtu kwa kumwuliza. Lakini humwuliza mtu gani? Humwuliza aliye karibu, anayejua kusoma tangazo, mwenye anwani, mwenye afya, aliye hai. Asiyefikiwa hahesabiwi kuwa amekataa wala kuwa amekubali. Hayumo tu, na saa ya sheria yaendelea kumhesabia miaka hadi dai lake life.

Wakenya tuna mfano wetu, nao uko katika kumbukumbu za bunge la Uingereza. Juni 2013 serikali ya nchi hiyo ilitangaza mapatano na wazee wa Mau Mau walioteswa katika makambi ya miaka ya hali ya hatari. Walikuwa 5,228, na jumla pamoja na gharama za kesi ilikuwa pauni milioni 19.9. Hayo yalikuwa mapatano ya orodha: aliyemo alipata, asiyekuwemo hakupata. Baada ya hapo wengine zaidi ya 40,000 walijiandikisha na kufungua kesi yao London. Mwaka 2018 wakashindwa, na sababu kubwa ilikuwa muda: miaka iliyopita ilikuwa mingi mno, ushahidi umepotea, mashahidi wamekufa. Hatusemi kwamba njia ya kujitoa ingewaokoa wote. Kipigo cha mtu mmoja si kipigo cha mwingine, na kila mwili una ushahidi wake. Lakini tuliosoma habari hizo tuliona jinsi orodha iwezavyo kuwa ukuta. Mzee wa kijiji kimoja analipwa, na mwenziwe aliyefungwa kambi moja naye, ambaye siku ya kuandikisha alikuwa mgonjwa, anaangalia.

Afrika Kusini ndiyo iliyotufundisha zaidi, na twastaajabu kwamba katika mabishano ya Ulaya haitajwi sana. Katiba yao ya 1996 yaruhusu mtu kwenda mahakamani kwa niaba ya kundi. Katika jimbo la Eastern Cape, serikali ilikuwa imewakatia ruzuku walemavu maelfu kwa maelfu bila ya kuwasikiliza. Wachache wakashtaki kwa ajili yao na kwa ajili ya wengine wote. Serikali ikapinga: kila mmoja aje na kesi yake! Fikirini basi: mtu asiyeona au asiyetembea, aliyenyang'anywa hela zake za chakula, aliye mbali na mji, aambiwe atafute wakili. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya Rufaa, kwa hukumu iliyoandikwa na jaji Edwin Cameron, ikakataa hoja hiyo na kuliacha kundi liendelee kwa njia ya kujitoa. Mahakama iliona kwamba maskini waliotawanyika ndio hasa ambao kesi ya pamoja iliwekwa kwa ajili yao.

Kisha wakaenda mbali zaidi katika kesi ya wachimba dhahabu waliougua mapafu kwa vumbi la miamba. Mwaka 2016 mahakama ya Gauteng iliigawa kesi hiyo mafungu mawili. Katika fungu la kwanza, lililohusu maswali ya wote, kama vile makampuni yalijua nini kuhusu vumbi na yalifanya nini, kila mchimbaji alihesabiwa kuwemo isipokuwa ajitoe. Katika fungu la pili, la ugonjwa wa kila mtu na fidia yake, ilimpasa mtu ajitokeze mwenyewe. Mwaka 2019 mahakama iliidhinisha mapatano ya rand bilioni 5. Wachimbaji wengi walikuwa watu wa Lesotho, Msumbiji na nchi nyingine za jirani, waliorudi kwao na vifua vyao. Kwa maoni yetu mgawanyo ule ndio jibu bora tuliloliona mahali popote: kimya kihesabiwe pale ambapo swali ni moja kwa wote, na mtu aulizwe mwenyewe pale ambapo jibu lamhusu yeye peke yake.

Na kwetu? Katiba ya 2010, ibara ya 22, yamruhusu mtu kufungua kesi ya haki za msingi kwa niaba ya kundi au kwa maslahi ya umma. Kanuni za madai za mwaka 2010 nazo, amri ya 1 kanuni ya 8, zamruhusu mmoja kushtaki kwa niaba ya wengi wenye maslahi yale yale, mradi wapewe taarifa, hata kwa tangazo. Lakini hazisemi wazi mtu atajitoa vipi, wala fedha zikipatikana zitagawanywa vipi, wala zile zisizochukuliwa na mtu zitakwenda wapi.

Wasomaji wetu wa Mombasa hawahitaji kukumbushwa habari za Owino Uhuru kule Jomvu, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilimwaga risasi katika maji na hewa ya mtaa wa watu wapatao 3,000. Kesi ilifunguliwa mwaka 2016 na wachache kwa niaba ya wakazi. Julai 2020 mahakama ya mazingira na ardhi ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua mwaka 2023, Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Lamu nako, mwaka 2018, Mahakama Kuu iliamuru shilingi bilioni 1.76 zilipwe wavuvi wapatao 4,600 walioathiriwa na ujenzi wa bandari. Katika kesi zote mbili wachache walisema na wengi wakanyamaza, wala hakuna mtu wa pwani tuliyemsikia akilalamika kwamba kimya cha wavuvi kilitumiwa vibaya. Malalamiko tunayoyasikia ni ya siku ya kugawa: nani ni mvuvi, nani alihamia mtaa baadaye, jina la marehemu lichukuliwe na nani.

Jambo moja hutufanya tusite kusema kwamba Kenya iuchukue mfumo wa kujitoa kesho. Marekani, wakili wa kesi ya pamoja hulipwa kutokana na ushindi, na mshindwa kwa kawaida halipi gharama za mshindi. Kwetu ni kinyume kwa yote mawili. Sheria ya Mawakili yakataza wakili kufanya kazi kwa mapatano ya kulipwa akishinda tu, na anayeshindwa kwa kawaida hubebeshwa gharama. Basi mama wa mahamri akithubutu kusimama kwa niaba ya watu laki tano na kesi ikaanguka, gharama za mawakili wa kampuni zitamwangukia nani? Sheria ya kujitoa bila ya kulijibu swali hilo itabaki kuwa maandishi, au itawaita wafadhili wa kesi kutoka nje, ambao tumekwisha kuona walivyozozana huko London.

Sisi twaiunga mkono njia ya kujitoa kwa madai madogo madogo ya watu wengi, ambayo peke yake hayadaiki: makato ya simu, ada za benki zisizo na maelezo, bei zilizopangwa kwa njama. Mwenye dai la shilingi 1,430 hapotezi kesi yake akiwakilishwa, kwa sababu hakuwa na kesi. Lakini jaji ndiye awe macho ya wale wasiokuwepo: yeye akadirie ujira wa wakili, yeye ayakatae mapatano ya kuponi, na fedha zirudi kwa njia ile ile zilizotokea. Ikiwa kampuni iliweza kukata shilingi 10 kutoka kwa kila simu bila fomu, yaweza pia kuzirudisha kwa kila simu bila fomu. Pale London abiria walitakiwa kuja kudai, na hawakuja. Kwa dhara la mwili, la ardhi na la mauti, mtu aulizwe mwenyewe, hata kama ni kazi.

Turudi barazani. Tulimshauri jirani yetu aandike malalamiko kwa mamlaka inayosimamia mawasiliano, na binti yake akasema ni vyema yaende na majina ya wengine. Akazunguka mtaa na daftari la shule. Jioni ile alirudi na majina kumi na moja, kila moja na idadi ya siku zake. Mmoja wao alikuwa amekatwa tangu mwaka juzi bila kujua.

Jina la kumi na mbili lilikuwa la mzee mmoja wa mtaa wa pili, ambaye binti alimwandika kwa kuwa mjukuu wake ndiye aliyemwonyesha makato hayo. Baada ya Isha mzee mwenyewe akaja hadi barazani, akakaa, akakubali kahawa. Akasema ameambiwa jina lake limo katika karatasi. Akasema yeye amekwisha kusamehe, na hapendi jina lake litumike katika mashtaka ya mtu yeyote. Binti akaomba radhi, akachukua kalamu na kulifuta mbele yake, naye akamalizia kahawa yake na kwenda zake.

Barua ikapelekwa na majina kumi na moja. Nyumba mbili katika mtaa huo zilikuwa zimefungwa, wenyewe wamo Saudia kazini, na simu zao za hapa ziko kabatini zikiwa na salio ambalo hakuna aliyelitazama.